Rangi ya gari nyumbani: dalili, chanzo na dawa kwa magari ya Nyanda za Juu Kusini

Malalamiko ya rangi yanayofika kwa mafundi wa Mbeya, Njombe na Iringa yanafanana mno. Paa limepauka. Klia ya boneti inamenyeka. Madigadi imeota malengelenge. Rangi iliyopulizwa Jumamosi, Jumatano bado inanata. Na mara nyingi mwenye gari ameshanunua kitu kabla hajajua ni tabaka lipi limeumia: polishi, kumbe klia ilishakwisha, kopo la rangi, kumbe kutu iko chini na itaisukuma hiyo rangi mpya ndani ya msimu mmoja wa mvua. Hapa tunakwenda kwa dalili, na katika kila dalili tunaanza na chanzo kinachoonekana zaidi.

Kwanza, tabaka lipi limeumia?

Gari la kiwandani lina tabaka nne juu ya bati: la kuzuia kutu, praima (rangi ya msingi inayoshikisha rangi), rangi yenyewe, na klia, ile vanishi isiyo na rangi inayoleta mng'ao. Zote kwa pamoja ni maikroni 100 hadi 150 hivi, na karatasi moja ya daftari ina maikroni karibu 100. Klia peke yake ni maikroni 35 hadi 50. Kila unapopiga kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi ili ing'ae, unakula sehemu ya klia hiyo, na haioti tena.

Vipimo vya kuanzia havina gharama. Osha sehemu yenye tatizo, ikaushe, kisha ilowanishe kwa maji. Alama ikipotea wakati wa maji na kurudi ikikauka, imeishia kwenye klia na polishi inaweza kuiondoa. Pitisha ukucha kwa upole kukatisha mkwaruzo. Ukucha ukikwama, huenda mkwaruzo umeshavuka klia. Halafu chukua kitambaa cheupe chenye polishi kidogo, sugua mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, basi hapo hakuna klia: ama gari lilipigwa rangi ya tabaka moja, jambo la kawaida kwa pikapu za zamani na kwa kazi za bei rahisi, ama klia imeliwa yote.

Aliyenunua gari mkononi mwa mtu aongeze sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Ikishika vizuri mlango mmoja na kuteleza kwenye mwingine, kuna puti nene (kijazio cha kusawazishia mabonde) chini ya rangi. Bampa za plastiki na boneti za aluminiamu haziishiki kabisa, kwa hiyo hizo zisikutie wasiwasi.

"Gari imepauka juu, ubavuni bado inang'aa"

Chanzo cha kwanza ni jua, na huku kwetu watu hawalihisi. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000. Kila unapopanda mita 1,000, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10. Gari linaloshinda nje Uyole, Mbeya, linapigwa na mionzi mikali kuliko la Kyela, bondeni kando ya Ziwa Nyasa, japokuwa la Kyela ndilo linalounguza mkono ukiligusa. Paa, boneti na kifuniko cha buti vinatazama juu, ndiyo maana vinatangulia kuharibika.

Chanzo cha pili ni sabuni. Sabuni ya unga imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo. Kwenye gari inaondoa nta yote, na ikikaukia juu ya bati la moto inaacha weupe. Wapo pia wanaopitisha dizeli au mafuta ya taa ili gari litoke kuoshwa likimeremeta. Litameremeta mpaka vumbi la kwanza. Baada ya hapo vumbi linagandia kwenye mafuta, na mipira ya milango inaanza kuvimba na kulegea.

Cha tatu ni uchafu uliojishikiza. Vaa glovu nyembamba ya plastiki, pitisha vidole juu ya boneti safi iliyokauka. Ukihisi ukakasi wa punje punje, rangi huenda haijafa, imefunikwa tu.

Anza na dawa nyepesi. Osha kwa shampuu ya gari, pitisha udongo maalumu wa kusafishia rangi ukiwa umelowanishwa, kisha jaribu kompaundi laini kwa mkono kwenye eneo dogo la sentimita 30 kwa 30. Fanya kivulini, bati likiwa la baridi. Rangi ikirudi, endelea kwa namna hiyo hiyo gari zima, kisha paka nta. Isiporudi baada ya mara mbili, ndipo ufikirie kompaundi kali. Mashine ya kupolishi mikononi mwa anayejifunza inatoboa klia kwenye kona na kingo kwa sekunde chache, kwa hiyo kingo zote zizibwe kwa tepu ya karatasi.

Simama hapo ukiona mabaka meupe ambayo hayapotei hata yakilowa, au ukihisi ukingo kwa kidole. Hilo sio tatizo la polishi tena.

"Klia inamenyeka"

Mazungumzo haya yapo kila gereji:

"Fundi, nipigie polishi tu ing'ae."

"Polishi ya wapi, kaka? Hapa hakuna klia ya kupolishi."

Klia ikishaanza kuachia, maji na vumbi vinaingia chini ya ukingo na kuendelea kuifungua kama ngozi iliyoungua jua. Tazama mpaka wa uharibifu. Ukiwa umetapakaa paa na boneti kwa pamoja, ni umri na jua. Ukiwa mlango mmoja tu, au ukiishia kwenye mstari ulionyooka, gari lilishapigwa rangi mahali hapo: klia ilizimuliwa mno kwa thina, au ilipulizwa juu ya rangi iliyokaa muda mrefu bila kupigwa msasa, au hadena, kigumishi kinachochanganywa na klia ili ikauke, haikutosha.

Kuziba kiraka hakusaidii. Unapuliza klia mpya juu ya ukingo wa ile ya zamani, na ukingo ule ule unainuka tena pamoja na mpya. Kipande chote kinatakiwa kupigwa msasa hadi klia dhaifu iishe, kipate rangi, kisha klia kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa paa au boneti, mimi ningempelekea fundi rangi mwenye chumba cha kupulizia na kuvumilia gharama. Kama hela haijapatikana, lainisha kingo zilizoinuka kwa msasa wa maji namba 1500, paka nta kila mwezi, na uishi na sura hiyo. Gari halitaharibika kwa kukosa klia mwaka mmoja, mradi rangi iliyo chini bado inafunika praima.

"Usiku chini ya taa naona duara duara"

Dekio na vumbi, karibu mara zote. Kuna tabia ya asubuhi ambayo imeua klia nyingi huku: gari limelala nje, vumbi la jana limelowa umande, dereva anachukua dekio na kufuta ili awahi. Ule umande hautoshi kubeba mchanga, unatosha tu kuugandisha kwenye kitambaa. Anayetaka kujua afanye jambo moja: baada ya kuosha ubavu mmoja wa gari lililotoka safari ya kiangazi, aingize mkono chini kabisa ya ndoo na kusugua vidole. Changarawe atakayoihisi ndiyo iliyokuwa ikizungushwa juu ya mlango.

Tumia ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye sabuni. Mwagia gari maji mengi kwanza, anza juu, malizia chini kwenye matope. Kitambaa kikianguka chini kimestaafu. Kibaki kuwa cha rimu. Duara zilizokwishajitokeza zinaondoka kwa kompaundi laini kama klia bado ni nene. Dawa ya meno inafaa kwa alama ndogo sana, zaidi ya hapo unajichosha.

"Kuna madoa hayatoki"

Dawa inategemea doa limetokana na nini.

Kinyesi cha ndege kina tindikali. Jua la mchana linalegeza klia, doa linazama. Jioni baridi inaikaza klia pamoja na alama yake. Usisugue. Laza kitambaa kilicholowa maji ya vuguvugu kwa dakika 10, kisha inua. Kovu likibaki, polishi. Likiwa shimo linaloshika ukucha, liache.

Utomvu ni kero ya Mafinga na maeneo ya Sao Hill, kwa wanaoegesha chini ya misindano. Spiriti kidogo kwenye kitambaa, bonyeza kwa sekunde chache, futa, osha mara moja. Milingoti haina utomvu mwingi hivyo, ila magome na majani yake yakikaa kwenye mfereji chini ya kioo cha mbele yanaziba njia ya maji, na kutu inaanzia hapo.

Lami inalegea kwa mafuta ya taa. Gusa doa tu, subiri, futa, kisha osha kwa shampuu na urudishe nta mahali hapo. Usikwangue kwa wembe.

Saruji na chokaa ni hatari zaidi ya zinavyoonekana kwa sababu zinaunguza klia taratibu. Wanaopita kwenye ujenzi wa barabara, kama ule wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, na wanaoegesha karibu na majengo yanayopigwa plasta, waoshe siku hiyo hiyo kabla matone hayajakauka. Yaliyokauka yalowanishwe kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, dakika chache, kisha maji mengi. Rudia badala ya kubandua. Kama gari zima limerukiwa, mwite fundi wa kusafisha rangi, maana kila tone unalobandua kwa ukucha linaondoka na klia yake.

Mafuta ya breki yakimwagika kwenye madigadi, usifute. Mwaga maji mengi papo hapo. Yakikaa, rangi inalainika hadi kwenye bati, na ukiigusa ikiwa laini unaitoa yote.

"Rangi imeota malengelenge"

Hii ndiyo ya kushughulikia mapema kuliko zote, kwa sababu nyingine zinaharibu sura na hii inakula gari.

Mara nyingi inaanza na kijiwe. Anayesafiri TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, nyuma ya malori ya Tunduma anajua sauti yake: tak, kwenye boneti. Inabaki nukta. Nukta ikionyesha kijivu au cheupe, umefika kwenye praima na una muda. Ikionyesha bati linalong'aa, izibe wiki hii. Ikiwa kahawia, kutu imeshaanza. Nukta mpya inazibwa kwa kuisafisha kwa spiriti na kuweka rangi ya kugusia (ile ya kichupa kidogo cha kuzibia alama) kwa ncha ya kijiti cha meno, tabaka jembamba, likauke, jingine tena, mpaka lifikie usawa wa rangi ya pembeni. Brashi inayokuja na kichupa ni nene mno kwa kazi hiyo.

Chanzo cha pili ni matope. Udongo mwekundu unashikamana ndani ya madigadi na kukaa unyevunyevu wiki nzima baada ya nje kukauka. Milango nayo ina vitundu chini vya kutolea maji. Vikiziba, maji ya mvua yanabaki ndani. Fungua mlango siku ya mvua, uchezeshe na usikilize. Ukisikia maji, zibua vitundu kwa kijiti, sio msumari, maana msumari unakwangua rangi ya ndani ambayo hutaweza kuirudishia.

Cha tatu ni puti ya zamani. Puti inanyonya maji kupitia ufa wowote wa rangi, na bati lililo nyuma yake linaoza bila kuonekana. Sumaku itakuambia.

Cha nne kinawahusu walionunua magari yaliyotumika Japani. Mikoa yenye theluji ya kule inamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na gari linaweza kufika kwetu likiwa linameta juu huku uvunguni limekwisha. Hilo halitibiwi kwa rangi ya nje. Lipandishe kwenye shimo la gereji na utazame kabla hujalipa.

Kabla ya msasa, pima kina. Bonyeza lengelenge kwa dole gumba, gonga kwa mpini wa bisibisi. Sauti ikiwa ngumu, kutu iko juu. Ikichakarika au ncha ya bisibisi ikizama, kuna tundu. Ujue pia kwamba lengelenge la ukubwa wa punje ya harage likifunguliwa, mara nyingi kutu iliyo chini imetambaa mara mbili au tatu ya pale.

Kwa kutu ya juu, kazi ya nyumbani inawezekana. Osha, acha pakauke kabisa. Msasa namba 80 mpaka bati liwe jeupe, na uvuke mpaka wa kutu sentimita mbili au tatu hadi kwenye rangi nzima. Lainisha kingo kwa 180, kisha 320. Vishimo vyeusi visivyotoka vipakwe dawa ya kugeuza kutu, na usome kopo, kwa kuwa nyingine zinatakiwa kusuuzwa na nyingine haziguswi na maji. Kisha praima ya epoksi. Puti, kama inahitajika, ipigwe juu ya epoksi iliyokauka. Malizia kwa praima ya kujazia, msasa wa maji namba 600, rangi, klia. Bati lililo wazi lipate praima siku hiyo hiyo. Ukiliacha lilale na umande wa Mbeya, asubuhi utakuta wekundu na kazi inaanza upya.

Hapa pa kusimama hapana mjadala. Kutu ikiwa kwenye chesisi, kwenye bodi ya chini ya milango, mahali springi au shokapu zinaposhikilia, au pale mkanda wa kiti ulipofungwa, hiyo ni kazi ya fundi wa kuchomelea. Utakuta magari ambayo tundu limejazwa gazeti, likapigwa puti na kupulizwa rangi nzuri kabisa. Siku ya ajali hiyo bodi ya chini haizuii kitu. Na hakuna kuchomelea chochote betri ikiwa imeunganishwa, wala karibu na tangi la mafuta ambalo halijashughulikiwa.

"Nimepuliza mwenyewe, imeharibika"

Kesi hizi zinaongezeka kila Juni. Kosa liko kwenye bati la baridi kuliko mkononi mwa aliyepuliza.

Rangi na klia za kuchanganya na hadena zinapenda nyuzijoto 15 hadi 25, na kinachohesabiwa ni joto la bati, sio la hewa. Juni na Julai usiku wa Mbeya unashuka chini ya 10, na boneti iliyolala nje inabaki baridi hadi saa nne asubuhi hata kama wewe umeshavua koti. Pima hivi: futa eneo dogo kwa kitambaa chenye maji, tazama saa. Unyevu ukiwa haujapotea ndani ya dakika 15, usipulize. Katika miezi hiyo dirisha lako ni saa tano asubuhi hadi saa nane mchana, basi. Septemba na Oktoba joto linatosha, ila upepo wa mchana unaleta vumbi, kwa hiyo maliza mapema. Wa Tukuyu afanye kazi chini ya paa wakati wowote, mvua ya kule haina miadi.

Bado inanata. Baridi ndiyo ya kwanza: kwa kanuni ya mafundi, kila nyuzi 10 zinapopungua muda wa kukauka unakaribia kuongezeka maradufu. Pili, tabaka nene; juu limeziba na thina iliyo ndani haina pa kutokea. Tatu, vipimo vya hadena, au hadena iliyofunguliwa siku nyingi. Hadena nzima ni angavu. Ikiwa na ukungu au mabonge imeshakula unyevu, itupe. Dawa ni subira: lisogeze gari juani mchana, lirudishe ndani kabla ya umande. Wiki ikipita na kidole bado kinaacha alama, haitakauka tena, itabidi itolewe yote. Kupuliza hadena juu yake ni kupoteza hela.

Imeota weupe wa ukungu. Thina inayokimbia haraka inapoza bati, unyevu wa hewa unanasa kwenye rangi mbichi. Unaonekana zaidi siku za mvua na kwa anayetumia thina ya bei ya chini. Acha ikauke, kisha jaribu polishi. Ikikataa, msasa mwepesi na upulize tena siku kavu kwa thina ya polepole. Mwenye kompresa amwage maji ya tangi kabla ya kila kazi.

Vishimo vidogo vya mviringo, rangi inakimbia na kuacha macho. Hiyo ni silikoni au mafuta: dawa ya kung'arishia matairi, polishi ya dashibodi, jasho la mkono, mafuta ya kompresa. Simama mara moja. Kuongeza rangi kunaongeza vishimo. Ikikauka, piga msasa, safisha kwa kiondoa mafuta na vitambaa viwili, kimoja kinachopaka na kingine kikavu kinachofuta kabla dawa haijakauka yenyewe. Watu wengi wanafuta kwa kimoja, na wanachofanya ni kuyahamisha mafuta kutoka hapa kwenda pale.

Imetiririka. Mkono umesimama au umekaribia mno. Usiguse ikiwa mbichi. Ikauke siku kadhaa, kata mtiririko kwa msasa wa maji namba 1500 uliozungushiwa kibao kigumu, kisha 2000, kisha kompaundi.

Ganda la chungwa, yaani uso wenye vipele kama ganda hilo. Rangi nzito, presha ndogo, au bati baridi lililozuia rangi kujilaza. Kwenye klia linasawazishwa kwa 1500 na 2000. Kinyume chake ni ukakasi mkavu: upepo wa Oktoba umekausha matone kabla hayajafika.

Imekunjamana. Thina kali imeingia kwenye rangi ya chini ambayo ni dhaifu au haikukomaa. Hili linapimwa kabla: sugua thina mahali pa kificho. Rangi ya kiwandani haiyeyuki. Ikiyeyuka, chini kuna rangi ya kazi ya zamani. Itoe yote, au uitenge kwa praima ya epoksi iliyokauka sawasawa.

Inabanduka na tepu. Rangi ya chini haikupigwa msasa, au ni bampa ya plastiki iliyokosa praima ya plastiki. Bampa za magari mapya zenye vihisio vya rada mpelekee anayezijua; rangi nene na puti vinaweza kuviharibia usomaji.

Sasa maonyo mawili yasiyo na mzaha. Hadena ya rangi za kuchanganya ina isosaianeti, kemikali inayoweza kumletea pumu mtu ambaye hakuwahi kuwa nayo, na aliyekwisha kuathirika huzidiwa hata kwa kiasi kidogo. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke wake. Mafundi waliojipanga wanavaa kinyago cha hewa ya bomba. Kwa hiyo nyumbani baki na rangi za kugusia na makopo ambayo hayana hadena, vaa glovu na kinyago chenye chujio cha mvuke, fanya mahali penye hewa, watoto wawe mbali. Klia ya hadena mwachie fundi mwenye vifaa, na mwenye pumu asikae hata karibu. Kifua kikibana, toka, nenda hospitali, usisubiri kipungue.

La pili ni jiko la mkaa. Baridi ya Juni inawashawishi watu kuingiza jiko kwenye banda ili rangi ikauke. Mvuke wa thina unawaka kwa cheche moja, na hewa ya sumu ya mkaa kwenye banda lililofungwa inaua kimya kimya. Jua la saa sita, au taa ya kukaushia ya fundi, basi.

"Rangi hailingani"

Usinunue kwa kusema "nyeupe ya IST". Kwenye Toyota tafuta kibati chumba cha injini au nguzo ya mlango, palipoandikwa C/TR. Herufi za mwanzo ndizo namba ya rangi. 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 nyeusi, 1F7 fedha, 070 nyeupe ya lulu. Hata namba ikiwa sahihi, jua limeshabadilisha gari lako, kwa hiyo puliza kwanza kwenye kipande cha bati, kikauke, ukisogeze kwenye mlango nje kwenye mwanga, sio chini ya taa ya duka.

Nyeusi na nyeupe ya 040 zinasamehe. Fedha inabadilika kulingana na umbali wa mkono na unyevu wa rangi, kwa hiyo kiraka kinaonekana. Ya 070 inapulizwa kwa hatua tatu, msingi, lulu, klia, na kila tabaka la lulu linabadilisha rangi. Hiyo usiiguse nyumbani zaidi ya nukta za vijiwe.

Rangi ikishatulia, isifungiwe mapema. Nta ipakwe baada ya siku 30 angalau, na kwa kazi ya Juni au Julai ongeza, kwa sababu thina bado inatoka. Katika muda huo osha kwa maji na shampuu laini bila mashine ya presha kwenye kingo za kazi mpya, na usifunike kwa turubai. Turubai linafungia unyevu wa usiku ndani, na upepo wa Makambako au Iringa ukilipiga linasugua vumbi kwenye klia ambayo bado haijakomaa. Banda la bati lililo wazi pande mbili linatosha.